Corolla 110 ya mwaka 1998: usukani unavuta kushoto, unatetemeka na una mchezo. Nianzie wapi kabla ya kubadilisha reki?

MkaziWaKihonda:

Habari za majukumu, wakuu. Naomba mawazo yenu kuhusu gari langu kabla sijaingia gharama ambayo huenda haihitajiki. Ni Toyota Corolla 110, modeli ya mwaka 1998, injini ya 5A yenye ujazo wa sisi 1,500, giya za otomatiki, na usukani wake unasaidiwa na pampu ya haidroliki inayozungushwa na mkanda. Nililinunua mkononi mwa mtu miezi minne iliyopita likiwa limetembea kilometa 214,000 kwa mujibu wa dashibodi, na karibu kila mwisho wa wiki nasafiri nalo kutoka Morogoro hadi Dar es Salaam kuwaona wazazi.

Dalili ni nyingi, na wingi wake ndio unaonichanganya. Nikiwa barabara kuu gari linavuta kushoto, kiasi kwamba nikilegeza mikono kwa sekunde mbili au tatu tayari limeukaribia mstari wa pembeni. Kuanzia spidi ya 80 usukani unatetemeka, unazidi nikifika 90, kisha unatulia kidogo nikipita 100. Kwenye barabara ya vumbi ya mtaani kwetu gari linagonga miguu (viungo vinavyoshika magurudumu), mlio mdogo wa kok-kok ambao nauhisi viganjani hata kabla ya kuusikia. Asubuhi nikigeuza gari uani usukani ni mzito na unaguna, na mguno huo unapungua gari likishapata moto. Jambo la mwisho aliligundua mke wangu alipoliendesha: ukishakata kona usukani haurudi wenyewe katikati, ni lazima uurudishe kwa mikono.

Nimefanya alaimenti (kunyoosha mwelekeo wa matairi) mara mbili katika sehemu mbili tofauti, na zote mbili hazikubadilisha kitu. Fundi mmoja alilitikisa tairi la mbele akasema reki, yaani mtambo wa usukani unaosukuma matairi ya mbele kulia na kushoto, imekufa, nitafute nyingine ya mtumba kwa shilingi 350,000, hapo ufundi bado. Sisemi kwamba anadanganya, ila nilipomwomba anionyeshe kilicholegea, hakunionyesha. Naomba kujua nianze kuchunguza wapi, nitatofautishaje tatizo moja na jingine, na kama ni salama kuendelea kusafiri nalo.

FundiMiguuIlala:

Mkuu, nianze na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lenye uzito kuliko yote. Usisafiri nalo mpaka ujue ni kitu gani kinachogonga. Gari lenye usukani mzito litakuchosha mikono tu, lakini boljointi (kiungo cha duara kinachoshikilia gurudumu) au tairodi (kiungo kinachounganisha reki na gurudumu) iliyochoka ikichomoka njiani, tairi linajielekeza linakotaka na hapo hakuna dereva hodari. Kama ni lazima lisogee, lisogee mjini polepole hadi kwa fundi.

Pili, naona umeliwaza kama gari lenye ugonjwa mmoja, na fundi wako naye amelichukulia hivyo. Nikisoma maelezo yako naona magonjwa matatu au manne yaliyokutana kwenye usukani mmoja. Usiangalie sana dalili ni ipi, angalia inatokea wakati gani. Uzito na mguno unaokuja gari likiwa limesimama au likienda taratibu ni habari ya haidroliki. Mtetemo unaokuja kwa spidi fulani na kuondoka kwa spidi nyingine ni habari ya matairi na rimu, kwa hiyo reki uiweke kando hapo. Mgongano kwenye mashimo ni habari ya viungo. Usukani usiorudi katikati una maana kwamba kuna kitu kinabana mahali fulani. Kila kimoja kina kipimo chake.

Anza na kisichogharimu kitu. Asubuhi kabla ya kuwasha, fungua kifuniko cha kitenki cha haidroliki ya usukani. Kuna alama ya kiwango cha oili ikiwa ya baridi na alama ya oili ikiwa ya moto. Soma ile ya baridi. Chovya kitambaa cheupe: oili nzima ni nyekundu na inapitisha mwanga, iliyoungua ni nyeusi na inanuka moshi. Kisha washa, zungusha usukani kulia na kushoto mara kadhaa, zima, na uangalie tena. Ukiona povu, pampu inavuta hewa, na mguno wako unatoka hapo. Mpira unaotoka kwenye kitenki kwenda kwenye pampu huzeeka na kukakamaa pale kwenye klampu, na kwa kuwa upande ule pampu inanyonya, unaweza kuingiza hewa ndani bila kudondosha hata tone nje. Gari lako linatumia oili ya aina ya giyaboksi ya otomatiki, Dexron II au III. Nimeshaona watu wakijazia oili ya breki kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Oili ya breki inaharibu sili zote za mfumo, na hapo reki inakufa kweli. Kama sauti ingekuwa kilio chembamba cha ghafla usukani unapofika mwisho, ningekuambia ni mkanda umelegea.

Sasa viungo. Kazi hii inataka watu wawili, na gari lazima likanyage chini kwa matairi yake yote, usukani ukiwa umenyooka, breki ya mkono imevutwa na giya iko kwenye P. Mmoja akae kwenye kiti cha dereva, awashe injini, auchezeshe usukani kulia na kushoto kidogo kidogo bila kuugeuza sana. Kwanza mpime plei yenyewe: ukingo wa usukani usisogee zaidi ya milimeta 30 hivi kabla matairi hayajaanza kuitika. Kisha wa pili ashike kila kiungo kwa mkono, kimoja baada ya kingine. Weka vidole nusu juu ya tairodi na nusu juu ya mkono wa habu (sehemu inayobeba gurudumu), pale tairodi inapofungwa. Kiungo kizima kinapokea na kutoa mwendo kwa wakati uleule. Kilichochoka kinachelewa, na kule kuchelewa utakusikia vidoleni kabla ya kukuona kwa macho. Halafu bonyeza ule mpira wenye mikunjo ulio mwishoni mwa reki, uihisi reki endi (kiungo kinachoshikana na reki) iliyo ndani yake. Halafu weka kiganja kwenye mwili wa reki: ikiwa reki nzima inasogea pale ilipofungwa, bushi zake (mipira inayoishikilia) ndizo zimekwisha na reki yenyewe ni nzima. Mwisho inama miguuni kwa dereva uishike krosi (kiungo cha kukunjia) ya mhimili wa usukani. Hapo utakuwa umefuata njia yote kutoka tairini hadi mkononi mwako.

Kipimo cha jeki kinafuata hicho, na tafadhali tumia stendi. Usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Tairi likiwa hewani, lishike kulia na kushoto ulitikise, kisha lishike juu na chini. Likicheza kulia na kushoto tu, tafuta kwenye tairodi na reki endi. Likicheza juu na chini, mwambie mwenzako akanyage breki: mchezo ukipotea ni beringi ya habu, ukibaki ni boljointi au bushi za wishiboni (mkono unaoshikilia gurudumu). Fundi wako alitikisa tairi akatamka reki. Kutikisa huko kunasogeza kila kitu kuanzia tairodi hadi reki, kwa hiyo bila mtu wa pili kuangalia kiungo kipi kimechelewa, amekisia tu.

Kuhusu usukani usiorudi, angalia jambo moja ambalo nakutana nalo mara kwa mara kwenye magari ya mkononi. Upande wa dereva, karibu na pale mhimili wa usukani unapoingia kwenye reki, kuna kifuniko chenye nati ya kufungia ambacho kinaisukuma reki igandane na pinioni yake (giya ndogo inayoisogeza). Gari likianza kugonga, kuna watu wanaikaza nati hiyo ili mlio upotee, mteja aridhike au gari liuzike. Reki huchakaa zaidi katikati kwa sababu muda mwingi tunaendesha moja kwa moja, kwa hiyo ukiikaza mpaka katikati iwe safi, pembeni itabana, na usukani utakoma kurudi wenyewe. Chunguza kama nati hiyo ina alama mpya za spana kwenye kutu au tope. Usiilegeze mwenyewe kwa kubahatisha, kwa maana kifuniko hicho hukazwa na kurudishwa nyuma kwa kipimo.

Alaimenti iache ya mwisho kabisa. Mashine inapima tairi liliposimama kwa dakika ile; kama kiungo kimelegea, ukitoka getini tu tairi limeshaelekea kwingine, na pesa yako imebaki ndani.

DerevaNyali:

Ndugu yangu, mwalimu wa miguu hapo juu amelieleza vyema, nami nataka kuongeza kuhusu kuvuta upande na kutetemeka, kwa kuwa nilihangaishwa nako kwa muda mrefu hapa Mombasa kabla ya kuelewa.

Kabla hujalilaumu gari, ilaumu barabara kwanza. Kwetu na kwenu tunaendesha kushoto, na barabara nyingi zimeinuliwa katikati ili maji ya mvua yatiririke pembeni, kwa hiyo gari lolote litateremka kidogo kuelekea kushoto. Tafuta sehemu tambarare kabisa, hata uwanja wa lami, uone kama linavuta hapo pia. Kisha pima upepo wa matairi asubuhi yakiwa baridi kwa kufuata kile kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, maana gari huvuta upande wa tairi lenye upepo mdogo.

Ikiwa bado linavuta, badilishana matairi mawili ya mbele, la kushoto liende kulia na la kulia lije kushoto. Angalia tu kama hayana mshale wa mwelekeo ubavuni. Yakiwa nao, yarudishe mahali pake baada ya jaribio. Gari likibadili upande wa kuvuta, au likaacha kuvuta, kosa ni la tairi. Likiendelea kuvuta upande uleule, rudi kwenye miguu na breki. Langu lilikuwa na tairi ambalo nyuzi za ndani zilikuwa zimeachana. Kwa macho lilikuwa zuri na kashata zake (meno ya tairi) zilikuwa nene, na makanika wawili walilitazama bila kuona kitu. Nililigundua siku nilipolipitisha kiganja polepole, tairi likiwa hewani, nikakuta kivimbe kama upana wa vidole vitatu. Balansi ilikuwa imefanywa mara tatu juu ya tairi lile, na kila mara mashine ilitoa sifuri, kwa sababu mashine ya balansi inapima uzito na haipimi umbo.

Soma pia tarakimu nne za mwisho ubavuni baada ya herufi za DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Aliyekuuzia gari huenda aliweka matairi ya mtumba yenye kashata nzuri na umri mkubwa.

Ukihamishia tairi lenye shaka nyuma na mtetemo ukaondoka mikononi ukaja kwenye kiti, hakuna haja ya ushahidi mwingine.

MamaWawiliDodoma:

Naongeza mambo mawili kwa ufupi. La kwanza ni breki. Baada ya kuendesha kilometa kama kumi bila kukanyaga breki sana, simama na usogeze kiganja karibu na kila rimu ya mbele bila kuigusa. Ikiwa ya kushoto ina joto kali kuliko ya kulia, kalipa yake (kifaa kinachobana diski ya breki) imegoma kuachia, na gari litavuta upande huo hata alaimenti iwe sahihi namna gani. Mtetemo unaokuja pale tu unapokanyaga breki nao ni wa diski, hauhusiani na balansi.

La pili ni kwa wasomaji wenye Vitz na IST, kwa sababu najua watapita hapa. Magari hayo yana usukani wa umeme, hayana pampu wala oili ya haidroliki, kwa hiyo msitafute kitenki. IST yangu ilikuwa nzito asubuhi kwa namna hiihii, taa ya usukani ikiwaka kwenye dashibodi, na baada ya kuzungushwa sana tukakuta betri imechoka na waya wa ethi (unaounganisha betri na bodi ya gari) umepata kutu. Anzeni na betri, alteneta na waya za ethi, kisha ndipo mtu achomeke mashine ya kusoma makosa.

MkaziWaKihonda:

Nawashukuru nyote kwa dhati. Nilisubiri hadi nipate nafasi ya kufanya kila kipimo kwa utaratibu, na leo narudi na majibu.

Haidroliki ilikuwa chini ya alama ya baridi kwa kiasi cha kidole kizima, na baada ya kuzungusha usukani ilitoa povu kama la sabuni. Mpira wa kunyonya ulikuwa umekakamaa na una nyufa chini ya klampu. Umebadilishwa, oili ya zamani imetolewa, na hewa imeondolewa kwa kuzungusha usukani mwisho hadi mwisho magurudumu ya mbele yakiwa hewani, kwanza injini ikiwa imezimwa, kisha ikiwa inawaka, bila kuushikilia usukani mwisho kwa zaidi ya sekunde chache. Mguno umekwisha.

Kipimo cha watu wawili nilikifanya na mke wangu, yeye kwenye usukani na mimi chini. Tairodi ya kulia nilipoishika haikuwa na tatizo. Nilipoishika ya kushoto nilielewa mara moja maana ya kiungo kinachochelewa: mkono wa reki ulikwenda kwanza, ukafuatiwa na mgongano mdogo, ndipo habu ikasogea. Hata yeye aliusikia akiwa kwenye kiti. Reki endi zote mbili ni nzima, reki haisogei kwenye bushi zake, na boljointi zilipojaribiwa hazikucheza.

Matairi ya mbele nilibadilishana, na gari lililokuwa likivuta kushoto likaanza kuvuta kulia, tena kwenye barabara inayoteremkia kushoto. Kivimbe nilikikuta kama ndugu wa Nyali alivyoeleza. Tarakimu zinasomeka 3513, maana yake limetengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2013. Nilipolipeleka nyuma, mtetemo ulihamia kwenye kiti. Breki zote mbili zina joto linalolingana.

Na ile nati ya reki ina alama za spana zinazong'aa, wakati kila kitu kilichoizunguka kimejaa tope kavu. Moyo uliniuma kidogo, kwa kuwa aliyeniuzia alinihakikishia kwamba gari halijawahi kuguswa miguu.

Nimebaki na maswali mawili. Je, nibadilishe tairodi zote mbili au ya kushoto peke yake? Na je, nati ile irekebishwe kabla au baada ya tairodi?

FundiMiguuIlala:

Mkuu, umefanya kazi ambayo gereji nyingi hazifanyi, na reki yako imepona kuuzwa chuma chakavu.

Badilisha ya kushoto. Ya kulia kama haina mchezo na mpira wake haujapasuka, iache. Sioni sababu ya kutoa kiungo kizima cha kiwandani na kuweka kipya usichojua ubora wake. Ila dukani usichukue ya bei ya chini kabisa. Ishike mkononi uizungushe: iwe ngumu kiasi na laini mzunguko mzima, bila sehemu inayokwama wala inayoachia. Wakati wa kuifungua ya zamani, fundi alegeze nati ya kufungia, kisha ahesabu mizunguko mpaka itoke, na mpya irudishwe kwa idadi ileile. Hiyo haitakupa alaimenti sahihi, lakini itakufikisha kwenye mashine bila kula tairi njiani. Pini ya kufungia nati iwe mpya. Pini ya zamani iliyonyooshwa kwa koleo siiruhusu katika gari la mtu yeyote.

Nati ya reki ifuate baada ya tairodi. Mlio wa tairodi ndio uliomfanya mtu aikaze bila sababu, kwa hiyo mlio huo ukiondoka ndipo utakapoweza kusikia reki yenyewe ikoje. Mpate fundi mwenye kipimo cha gari hilo, airekebishe magurudumu yakiwa hewani na injini imezimwa, kisha augeuze usukani kutoka mwisho hadi mwisho. Uzito uwe sawa njia nzima. Ukiusikia unabana pembeni kuliko katikati, bado imekazwa kupita kiasi. Baada ya kulegezwa, likigonga tena kwenye mashimo na viungo vyote ni vizima, hapo ndipo nitakubali kwamba reki imechakaa, na tutazungumza habari ya kuibadilisha.

Matairi mapya mawili yaende pamoja, kisha balansi, kisha alaimenti. Omba karatasi ya vipimo vya kabla na baada, na kabla hujatoka hakikisha usukani umenyooka gari likiwa linakwenda moja kwa moja.

MkaziWaKihonda:

Nimekamilisha yote kwa mpangilio huo. Tairodi ya kushoto imebadilishwa, nati ya reki imelegezwa na kuwekwa kwenye kipimo, matairi mawili ya mbele ni mapya, na alaimenti imefanyika leo asubuhi. Nimekwenda hadi Chalinze na kurudi. Kwa spidi ya 90 usukani umetulia kabisa, na nikimaliza kona unateleza wenyewe katikati ya viganja vyangu. Kwenye lami gari bado linaelekea kushoto kidogo sana, lakini kwenye uwanja tambarare wa stendi ya malori lilikwenda moja kwa moja bila kuguswa, kwa hiyo hilo naliachia barabara. Kwenye barabara ya vumbi ya mtaani nilipita mara mbili, vioo vikiwa vimefungwa na redio imezimwa, na sikusikia kugonga.